Sifa na Lawama za Mikahawani: Je, ni Ushahidi?

Katika darsa tatu zilizopita tulikuwa tukisoma mlango wa adabu za kula, na tulidhani kuwa tumeumaliza. Lakini vijana wa darsa wametuletea mas'ala ambayo hayamo katika vitabu tunavyosomesha, wala hayakuweza kuwamo, kwani walioviandika hawakuijua simu wala mtandao. Mas'ala yenyewe ni haya: mtu aingia mkahawani, aletewa chakula, akipiga picha kabla hajakitia mkono, kisha aituma picha ile kwa watu elfu na zaidi, na chini yake aandika kuwa chakula hiki ni kizuri au ni kibaya, na kuwa mkahawa huu ni wa kuendewa au wa kuepukwa. Je, jambo hili ni mchezo tu, au ni kitu cha kuulizwa mtu mbele ya Mola wake?

Sisi twaona kuwa ni kitu cha kuulizwa, na sababu yake ni moja: yule aliyekula, kisha akatoa khabari ya alichokula kwa watu wasiokuwapo, amesimama mahali pa shahidi. Huenda mwenyewe hakukusudia ushahidi. Alikusudia kuwafurahisha marafiki zake. Lakini watu waisoma khabari yake na waitendea kazi. Huyu atoka Rongai kwa matatu pamoja na wanawe kwa sababu ya picha ile, yule avunja miadi aliyokwisha kuiweka, na mwenye mkahawa aongeza wapishi au awapunguza. Neno ambalo kwalo mali za watu huingia na kutoka haliwi mchezo kwa kuwa limesemwa kwa kucheka.

Wale walioujua mji huu wa Nairobi kabla ya simu watakumbuka jinsi watu walivyopata khabari za mikahawa, au hoteli kama wenyewe tunavyoziita. Mtu akitoka Msikiti wa Jamia baada ya sala ya Ijumaa alimuuliza aliyesali kando yake: leo twala wapi? Akaambiwa. Na yule aliyemwambia alikuwa ni mtu wa kujulikana, jina lake na nyumba yake na tabia yake. Akiwa ni mtu wa kusifu kila kitu, sifa yake ilipunguzwa. Akiwa ni mtu mgumu wa kuridhika, neno lake jema lilihesabiwa mara mbili. Na chakula kikiwa kibaya, Ijumaa ya pili alikutwa penye viatu akalaumiwa. Ulikuwa ni ushahidi wenye mwenyewe.

Na palikuwa na njia nyingine pale katikati ya mji, penye njia panda ya Kenyatta Avenue na Mtaa wa Kimathi, katika mkahawa wa Thorn Tree wa hoteli ya Stanley. Wasafiri walikuwa wakibandika vikaratasi vyao kwenye mti wa mgunga ulio baina ya meza: fulani amepita hapa anaelekea kusini, fulani atafuta mwenziwe wa safari. Jina la mti ule lilikuja kuchukuliwa na kampuni ya vitabu vya safari, Lonely Planet, ikaliita kwalo baraza lake la mtandaoni la wasafiri lililoanza mwaka 1996. Kwa hivyo mtu akisema kuwa mambo haya ya kupeana khabari yametoka ng'ambo yakatukuta sisi hatuna letu, twamjibu kuwa jina la mojawapo ya mabaraza hayo lilitoka kwenye meza za chai za mji huu huu. Tofauti ni kuwa mti ule ulisomwa na aliyeukaribia peke yake.

Mambo yaligeuka kidogo kidogo, kisha yakageuka kwa mara moja. Mwaka 1999 ulifunguliwa mkahawa wa kwanza wa Java pale Adams Arcade, katika barabara ya Ngong, na kukaa mbele ya kikombe cha kahawa saa nzima kukaanza kuwa ada ya vijana wa maofisini. Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, na mtandao ukawa mwepesi. Mwaka 2010 ikatoka Instagram, ambayo kazi yake ni picha. Baadaye wakaja wachukuzi wa chakula kwa pikipiki, Uber Eats mwaka 2018 na Glovo mwaka 2019, na hao nao kila mkahawa wakautilia nyota zake kwa kadiri ya maneno ya wanunuzi. Tangu hapo mkahawa umekuwa na milango miwili: mmoja wa barabarani, na mmoja wa kwenye simu, na wengi huingia kwa huu wa pili kwanza.

Aendaye leo Westlands au Kilimani au Lavington kula hatoki nyumbani kwake akiwa hajui. Amekwisha kuviona viti, ameiona bei, amemsikia mtu asiyemjua akikitafuna chakula na kutikisa kichwa. Akifika haombi kuletewa orodha. Amwonyesha mhudumu picha katika simu na kumwambia: nataka hiki. Na kikija kikiwa kidogo kuliko kilivyo pichani, aona kuwa ameibiwa, ijapokuwa tumbo lake lingeshiba. Wenye mikahawa nao wamelifahamu jambo hili. Kuna waliotia taa kali juu ya meza kwa ajili ya picha, wakapamba ukuta kwa maua ya plastiki ili watu wasimame mbele yake, na wakakipanga chakula kirefu kama mnara, hata mlaji hajui aanzie wapi. Chakula kilichopangwa kwa jicho si lazima kiwe kibaya kwa ulimi, hatusemi hivyo. Lakini twasema kuwa fedha zilizokwenda ukutani hazikwenda jikoni. Na mara ngapi tumewaona watu wanne mezani, wali waingia baridi, na mmoja wao awaamuru wenziwe wasiguse kitu mpaka apate picha atakayoiridhia! Zamani aliyengojewa kabla ya kula alikuwa ni mkubwa wa nyumba, au mgeni. Sasa yangojewa simu.

(Hatusemi kuwa zamani palikuwa na utulivu kamili. Aliyepata kukaa Diamond Plaza kule Parklands ajua jinsi wahudumu wanavyomjia mtu watano na sita kwa pamoja, kila mmoja na orodha yake mkononi, hata hajavuta kiti. Huo nao ni mtandao wa namna yake.)

Nguvu ya jambo hili ilidhihirika kwa watu wote tarehe 1 Septemba 2016. Siku hiyo Mark Zuckerberg, mwenye Facebook, alikuwa Nairobi, akaenda kula mchana katika mkahawa wa Mama Oliech, ambao wakati huo ulikuwa barabara ya Marcus Garvey, Kilimani, pamoja na aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Bwana Joseph Mucheru. Alikula ugali na samaki mzima wa kukaangwa, kisha akaandika khabari hiyo katika ukurasa wake mwenyewe pamoja na picha. Mkahawa ule ulikuwa ukijulikana tangu zamani na wapenda samaki wa Nairobi, na mwenye jina lake alikuwa mamake mchezaji mpira Dennis Oliech; lakini kwa sahani ile moja ulijulikana na watu wa nchi ambazo hata ugali hawajapata kuuona. Hebu tazameni. Samaki ni yule yule wa jana, mafuta ni yale yale, mpishi hakuongezewa ujuzi hata wa tone moja. Kilichoongezeka ni shahidi.

Basi ikiwa shahidi aweza kufanya hayo, yatupasa tumuulize yale ambayo wazee wetu waliyauliza juu ya mashahidi. Imepokewa kwa Sayyidna Umar bin al-Khattab kuwa mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele yake, naye akamuuliza: je, wewe ni jirani yake, umjuaye aingiapo na atokapo? Akasema hapana. Je, umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Je, umesafiri naye? Hapana. Sayyidna Umar akamwambia kuwa basi humjui. Pengine umemwona msikitini akiinama na kuinuka tu. Tazameni ukali wa mizani hii! Hakumwambia kuwa amesema uwongo. Alimwambia kuwa hana ujuzi wa kile anachokishuhudia.

Tukiichukua mizani hiyo tukaipeleka mikahawani, mengi yatapungua uzito. Aliyekula mara moja, katika siku ya kufunguliwa mkahawa, hali mwenye mkahawa amesimama nyuma yake akitabasamu, huyo ameuona mkahawa ukiinama na kuinuka. Aliyekwenda Jumatatu mvua inanyesha, akaenda tena mwisho wa mwezi watu wamejaa, akalipa kwa mfuko wake, akamwona mhudumu anavyosemeshwa na mwenye mali, huyo amefanya biashara na amesafiri. Lakini katika simu maneno ya hawa wawili yamewekwa pamoja, kila mmoja na nyota zake tano, na msomaji hana la kumtambulishia yupi ni yupi.

Na khatari zaidi ni pale neno la "halali" linapoingia. Mtu aandika chini ya picha ya kuku kuwa mahali hapa ni halali, na ukimuuliza amejuaje, akwambia kuwa amemwona mhudumu amevaa buibui, au kuwa jina la mkahawa ni la Kiarabu. Hivi ndivyo ushahidi unavyokuwa? Hapa Nairobi kuna Kenya Bureau of Halal Certification, ambayo kazi yake ni kukagua na kutoa hati. Mwenye hati aweza kuulizwa aionyeshe, na asiyekuwa nayo aweza kuulizwa mchinjaji wake ni nani. Kuuliza si aibu. Aibu ni kuwalisha watu elfu kwa kukisia.

Tuje katika jambo ambalo ndilo kiini cha swali la vijana wetu, nalo ni ujira. Yajulikana na kila mtu sasa kuwa wako wanaoalikwa kula bure, na wako wanaolipwa fedha juu ya kula, ili waseme maneno mema. Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani? Muuza nguo wa Biashara Street si amlipa kijana asimame mlangoni aite watu? Twasema: hapana ubaya, kwa kuwa yule kijana wa mlangoni kila mtu ajua kuwa amelipwa. Hakuna apitaye pale akadhani kuwa aitwa na mwenziwe mnunuzi. Ubaya ni kulipwa kama mwita watu kisha kusema kama mlaji. Aliyelipwa akaficha malipo amechanganya kazi mbili ambazo hazichanganyiki, ya dalali na ya shahidi. Na ijapokuwa kila neno alilolisema ni kweli, ameuficha uso wa jambo ambalo lau msikilizaji angelijua angelisikia kwa sikio jingine.

Wala wasitwambie kuwa hii si kazi ni mapenzi tu. Serikali yenyewe imekwisha kuijua kuwa ni kazi: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilitia kodi ya kukatwa, asilimia 5, juu ya mapato ya watengenezao vitu vya mtandaoni, na katika maelezo yake yamo malipo ya kutangaza na kusifu bidhaa za watu. Ikiwa mtoza kodi aambiwa kuwa umelipwa, kwa nini asiambiwe yule baba wa Rongai ambaye ndiye atakayetoa nauli? Neno moja latosha: "nimealikwa", au "nimelipwa". Liandikwe juu, mahali pa kuonekana, si chini kabisa baada ya alama thelathini.

Na wako wengine ambao hali yao ni mbaya kuliko hao, nao ni wale wamwendeao mwenye mkahawa mdogo na kumwambia: nilishe bure mimi na wenzangu, la sivyo nitaandika. Mama auzaye chapati na maharagwe Kawangware hana wakili wala hana mtu wa kumjibia mtandaoni. Huo si ushahidi mbovu. Huo ni unyang'anyi, na mlo unaopatikana kwa njia hiyo ni haramu hata kama nyama yake imechinjwa na mwanachuoni.

Sasa, lawama. Ndugu mmoja katika darsa alisimama akatukumbusha, na vizuri alitukumbusha, kuwa Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kukitia aibu chakula hata mara moja: akikitamani alikula, na asipokitamani alikiacha. Basi, akasema, je, si haramu kabisa kuandika kuwa chakula cha mahali fulani ni kibaya?

Jawabu ni kuwa pana khabari nyingine ya Bwana Mtume ambayo lazima isomwe pamoja na hiyo. Alipita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Akamuuliza mwenye nafaka, akaambiwa kuwa imenyeshewa na mvua. Akamwambia mbona hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, na akasema neno kali juu ya mwenye kudanganya. Tazama: mezani alinyamaza, sokoni alisema. Kwa nini? Kwa sababu mezani kilichokuwa mbele yake ni riziki na mkono uliopika. Kukitia aibu ni kumvunja moyo aliyetaabika na kuidharau neema. Sokoni kilichokuwa mbele yake ni mapatano baina ya watu wawili, mmoja atoa mali na mwingine aficha.

Mkahawa ni nyumba ya mezani na sokoni kwa pamoja, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ukisema: "pilau yao haina ladha, mamangu apika vizuri zaidi," umesema la mezani, na kunyamaza kungekuwa bora kwako. Ukisema: "nimeuziwa samaki wa leo naye ni wa juzi," au "bei iliyoandikwa ni moja na niliyotozwa ni nyingine," umesema la sokoni, na hapo una haki ya kusema, na pengine ni wajibu wako. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa na khabari za kumwezesha kufaidika nazo. Aliyekuwa akinyamaza zamani kwa kukosa pa kusemea, sasa anapo.

Wala hatuwezi kukataa kuwa sauti hii imefanya kheri. Mwezi wa Machi 2015 iliandikwa katika gazeti la Daily Nation khabari ya mkahawa mmoja wa Kichina Kilimani ambao ulikuwa hauwaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, isipokuwa wachache, nao wenyewe ukatoa hoja ya usalama. Khabari ile ilipoingia mitandaoni nchi nzima ilisimama, na Serikali ya Kaunti ya Nairobi ikaufunga mkahawa kwa kuwa haukuwa na leseni zitakiwazo. Wazee wa mji huu wajua kuwa zama za ukoloni palikuwa na hoteli, tena katikati ya mji, ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Zama zile lini palifungwa mahali kwa kilio cha aliyezuiliwa? Na mtazame pia kuwa ushahidi ule ulisimama kwa sababu waandishi walikwenda wenyewe hadi mlangoni.

Mwezi wa Januari 2022 kukawa na kisa kingine, chepesi kwa sura lakini kizito kwa wakulima. Mikahawa ya KFC, ambayo iliingia Kenya mwaka 2011, iliishiwa na chipsi, na kampuni ikaeleza kuwa viazi vyake hutoka ng'ambo na meli zimechelewa. Watu wakauliza katika mitandao: viazi vya Nyandarua vina ila gani? Wakahimizana kuususia mkahawa. Baada ya siku chache kampuni ikasema kuwa itatafuta njia ya kununua kwa wakulima wa hapa. Lawama ile haikuwa ya kukidharau chakula. Ilikuwa ya sokoni, na ilielekezwa kwa mwenye uwezo wa kugeuza jambo.

Twasema hivyo kwa kuwa lawama nyingi hazielekezwi kwa mwenye uwezo. Huelekezwa kwa aliye karibu na simu. Twamjua kijana mmoja aliyekuwa mhudumu katika mkahawa mmoja wa upande wa barabara ya Ngong. Jina la mkahawa hatulitaji, wala lake. Siku moja umeme ulikatika, jikoni pakabaki mpishi mmoja na jiko la gesi la mafiga mawili, na chakula cha mteja kikachelewa muda mrefu. Mteja akamwita yule kijana, akamwelekezea simu usoni, akamuuliza maswali mbele ya watu, naye akababaika, akajibu vibaya. Jioni ile video ile ilikuwa imetazamwa na watu wasiohesabika, wakicheka. Siku ya tatu alifukuzwa kazi, kwani mwenye mkahawa alitaka kuonyesha kuwa amechukua hatua. Mteja alipokuja kuelezwa alijuta, akaifuta video. Lakini alifuta yake tu. Zilizokwisha kuchukuliwa na wengine zipo hata leo, na kila mahali kijana yule aombapo kazi hukhofu kuwa wameziona.

Wanachuoni wetu wamesema kuwa aliyemsengenya mtu toba yake haitimii mpaka amtake radhi, au akikhofu fitina, amtaje kwa wema katika majlisi zile zile alizomtajia kwa ubaya. Basi na tuulize: majlisi za video ile ziko wapi? Nani aweza kuzizunguka zote? Kwa hivyo twasema, na neno hili twalisema kwa mkazo, kuwa mwenye malalamiko amwite kwanza mwenye mkahawa au meneja, na amweleze. Asiposikizwa, ataje mahali na jambo na siku. Uso wa mhudumu asiutie. Mhudumu hakununua viazi, hakupanga bei wala hakukata umeme. Aliubeba tu msinia.

Juu ya riya na israfu hatutarefusha, kwani vijana wenyewe walikuwa wa kwanza kuyataja. Ila liko jambo moja lisilotajwa sana. Bwana Mtume alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi auongeze maji na awakumbuke majirani zake. Zama zile aliyejua kuwa umepika ni yule aliye nyuma ya ukuta, naye ulikuwa na njia ya kumpelekea bakuli. Sasa aliyeko Lavington aionyesha sahani yake kwa aliyeko Kawangware, na baina yao ni barabara moja tu, na bakuli haliwezi kupita katika simu. Hatusemi kuwa kila picha ya chakula ni dhambi. Twasema kuwa yule aliyezidisha watazamaji amezidisha majirani, na akubali hesabu yake.

Lililobaki ni swali la akina mama wa darsa ya Jumamosi, nao wameuliza jambo la haki kabisa: mtu amekwenda kula na jamaa zake, na meza ya pili yapigwa picha, naye aonekana nyuma, amefungua niqabu yake ili ale, au ameketi na wanawe. Au mkahawa wenyewe wamrikodi bila ya kumuuliza, kisha wamtia katika ukurasa wao kuvutia wateja. Je, afanye nini?

Kwanza ajue kuwa meza ni amana. Aliyeketi karibu nawe kula hakukupa idhini ya uso wake kwa kuwa amekupa mgongo wake. Pili ajue kuwa katika nchi hii liko jambo la sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba chalinda siri ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaihesabu picha ya mtu kuwa ni khabari yake, haichukuliwi kwa ajili ya biashara bila ya ridhaa yake. Si maneno ya karatasini tu. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza Casa Vera, mahali pa starehe katika barabara ya Ngong, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuitia mtandaoni picha ya mmoja wa wateja wake bila ya idhini. Mahali kama pale si mahali tumshauripo Muislamu kwenda. Lakini haki ya mtu haiondoki kwa kuwa ameketi mahali ambapo sisi hatupapendi, na hukumu ile yamfaa vile vile mama aliyekwenda kula biriani na wanawe.

Basi aonaye picha yake na aanze kwa kumwandikia mwenye mkahawa aiondoe, na aihifadhi nakala ya picha na ya barua yake pamoja na tarehe. Akikataliwa, apeleke malalamiko kwa Kamishna. Sheria yaruhusu yapelekwe kwa maandishi au kwa mdomo, kwa hivyo asiyejua kuandika naye ana njia, na imeweka muda wa siku 90 wa kuyachunguza na kuyamaliza. Na ikiwa aliyepiga picha si mkahawa bali ni mlaji wa meza ya pili, amwendee pale pale kabla hajaondoka, amwambie kwa upole: ndugu yangu, sisi tumo katika picha yako, tafadhali tuondoe. Tumejaribu jambo hili zaidi ya mara moja katika mikahawa ya Parklands, na kila mara picha ilifutwa mbele ya macho yetu.